Mawimbi ya ubongo na ugonjwa wa akili wa ukoo: kipimo kinasema nini, na hakisemi nini

Mahindi yakishaingia ghalani, huku Ufipa huanza habari za posa. Washenga hupita, na kabla mahari haijatajwa, wazee wa kila upande huulizia upande wa pili. Ukoo ule ni wa wachapakazi? Una ugomvi wa mashamba? Halafu linakuja swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: kuna mtu pale aliyewahi kuugua akili?

Jibu likiwa ndiyo, mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Watoto wa mgonjwa yule hukua wakisikia neno moja nyuma ya migongo yao: "Ni la ukoo." Kijana akikaa kimya siku mbili, watu hutazamana. Akifeli mtihani, watu hutazamana tena. Naye mwenyewe, usiku, hujiuliza kama zamu yake imefika.

Tunalileta jambo hili leo kwa sababu sayansi nayo inauliza swali lilelile kwa njia nyingine. Katika nchi kadhaa, watoto na vijana ambao mzazi au ndugu yao ana ugonjwa mkubwa wa akili huvishwa kofia yenye vidude vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi. Husikilizishwa milio, na mawimbi ya ubongo wao hurekodiwa. Watafiti wanataka kujua kama ubongo huonyesha dalili kabla ugonjwa haujatokea. Kwa jirani zetu wa Kenya pia umeanzishwa utafiti wa vijana unaotumia kipimo hicho.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Utafiti huu una maana kubwa, na Waafrika wanapaswa kuwemo ndani yake. Lakini leo hii hakuna kipimo cha mawimbi ya ubongo kinachoweza kumwambia mzazi wa Izia, Laela au Matai kwamba mwanawe ataugua akili. Atakayekuambia kipo, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tunazungumzia ugonjwa gani?

Wataalamu hutumia neno saikosisi kwa hali ambayo mtu hupoteza mpaka kati ya kilichopo na kisichokuwepo. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini kwa nguvu zote kwamba jirani anamfuatilia au kwamba redio inamsema yeye. Maneno yake huweza kuruka huku na kule bila kuungana.

Saikosisi ni hali, na hali hiyo ina visababishi vingi. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuileta. Bangi inaweza kuileta, na vilevile maambukizi ya ubongo au siku za mwanzo baada ya kujifungua. Ugonjwa unaojulikana zaidi kwa kuileta na kuirudisha tena na tena ni skizofrenia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 20 duniani wanaishi na skizofrenia, na kwa kawaida huanza ujanani, mwishoni mwa miaka ya shule au katika miaka ya ishirini. Ndiyo maana watafiti wanawaangalia vijana.

Je, kweli ni la ukoo?

Kwa sehemu, ndiyo. Lakini hesabu zake si zile zinazosemwa kilabuni.

Chukua watu 100 wowote. Takriban mmoja kati yao atapata skizofrenia maishani mwake. Sasa chukua watu 100 ambao kila mmoja ana mzazi mmoja mwenye skizofrenia. Takriban 10 kati yao wataipata. Hatari imepanda mara kumi, na hilo si jambo dogo. Lakini geuza hesabu uitazame upande wa pili: takriban 90 kati ya hao 100 hawataipata.

Kuna jambo jingine. Mapacha wanaofanana kabisa wana urithi uleule wa damu. Lau ugonjwa ungekuwa wa urithi peke yake, mmoja akiugua, mwenzake angeugua bila kukosa. Haiko hivyo: mara nyingi, nusu au zaidi ya mapacha wa wagonjwa hawapati ugonjwa huo. Na wagonjwa walio wengi hawana mzazi aliyeugua. Maana yake, ukoo unaojiita safi nao hauna kinga.

Mkulima wa Ufipa anaelewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Mbegu ina nafasi yake, lakini mavuno hayatoki kwenye mbegu peke yake. Kuna udongo, kuna mvua, kuna palizi. Kwenye ugonjwa huu, watafiti wameona mambo mengine yanayoongeza hatari: matatizo wakati wa kuzaliwa, mateso ya utotoni, na kuvuta bangi, hasa kuanza ukiwa mdogo. Mengine kati ya hayo yanaweza kuzuilika.

Mawimbi ya ubongo ni nini?

Sisi watu wa redio tunafanya kazi na mawimbi, kwa hiyo tuanzie hapo. Sauti unayoisikia kwenye simu yako kupitia FM imebebwa na mawimbi yanayotetemeka mamilioni ya mara kwa sekunde. Ubongo nao una mawimbi, ila ni ya taratibu mno: kuanzia chini ya mara moja hadi kama mara mia moja kwa sekunde. Hutokana na chembe za ubongo zinazopashana habari kwa umeme mdogo sana. Ukifumba macho na kutulia, sehemu ya nyuma ya kichwa hutoa mawimbi ya mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Ukifumbua, hupungua.

Aliyeyarekodi kwa mara ya kwanza kwa binadamu ni daktari Mjerumani, Hans Berger, mwaka 1924 katika mji wa Jena. Alitangaza matokeo yake mwaka 1929. Kipimo hicho hospitalini huitwa EEG, na hutumika sana kuchunguza kifafa.

Kuna hofu tatu ambazo tungependa kuziondoa. Kipimo hiki hakiingizi umeme kichwani. Kinasikiliza tu, kama redio inavyopokea bila kurusha. Hakitoboi ngozi, elektrodi hukaa juu ya kichwa. Na hakisomi mawazo: hakuna daktari anayeweza kuona siri yako kwenye karatasi ile.

Kwa nini wanasikilizishwa milio?

Watafiti wa saikosisi hawatosheki kuona mawimbi ya mtu aliyetulia. Wanataka kuona ubongo unavyoitikia jambo, na njia rahisi ni sauti. Vipimo vitatu vinajulikana zaidi.

Cha kwanza, fikiria umekaa karibu na mashine ya kusaga. Mlio ni uleule, na baada ya muda huusikii tena. Unaongea na mwenzako. Ghafla mlio unabadilika kidogo. Unageuka kabla hata ya kufikiri. Ubongo wako umegundua tofauti bila wewe kuuagiza. Mwitikio huo ulielezwa mwaka 1978 na mtafiti wa Finland, Risto Näätänen, na wenzake, nao huitwa MMN kwa kifupi. Kwa watu wengi wenye skizofrenia, mwitikio huo huwa mdogo.

Cha pili ni milio miwili inayofuatana, nusu sekunde tu katikati. Kwa kawaida ubongo huupokea mlio wa kwanza, kisha huupunguzia nguvu wa pili, kama mlinzi wa mlangoni anayesema huyu nimeshamwona. Tangu miaka ya 1980, Robert Freedman na wenzake huko Colorado, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi mlinzi huyo ni dhaifu. Kila mlio unaingia. Walimkuta mlinzi huyohuyo dhaifu kwa baadhi ya ndugu wa wagonjwa, watu wazima wenye kazi zao na familia zao, wasio na ugonjwa wowote.

Cha tatu, mtu huambiwa ahesabu mlio wa nadra kati ya mingi ya kawaida. Takriban sehemu tatu kati ya kumi za sekunde baada ya mlio ule, ubongo hutoa wimbi kubwa la kusema "huu ndio". Wimbi hilo pia hupungua kwa wagonjwa wengi, na kwa kiasi kidogo kwa baadhi ya ndugu zao.

Kwa hiyo ubongo wa ndugu wa mgonjwa unaweza kuonyesha alama ya ukoo, na bado mtu huyo akawa mzima maisha yake yote. Alama si ugonjwa.

Utafiti umegundua nini kwa vijana?

Kuna aina mbili za vijana wanaofuatiliwa, na ni vizuri kutowachanganya. Wa kwanza ni wale ambao hatari yao inatokana na familia tu: mzazi au ndugu anaumwa, wao hawana dalili. Wa pili ni wale ambao tayari wana dalili ndogo za awali, iwe kuna mgonjwa kwenye ukoo au hakuna.

Kwa kundi la kwanza, mfano mkubwa uko Denmark. Huko watafiti waliwakusanya watoto 522 wa miaka 7: watoto 202 wana mzazi mwenye skizofrenia, 120 wana mzazi mwenye ugonjwa wa baipola, na 200 wazazi wao hawana magonjwa hayo. Wanaendelea kuwafuatilia wanavyokua. Kwa wastani, watoto wenye mzazi mgonjwa walikuwa na matatizo zaidi, kwa mfano katika kufikiri na katika tabia. Lakini wengi miongoni mwao wanaendelea vizuri, na watafiti wenyewe wanataka kujua ni nini kinachowalinda hao.

Kwa kundi la pili, watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watu 62 waliokuwa na dalili za awali. Baadaye, 25 kati yao walipata saikosisi. Walipoangalia vipimo vilivyofanyika mwanzoni, mwitikio ule wa mlio uliobadilika ulikuwa tayari umepungua kwa wale 25 kuliko kwa waliosalimika. Habari hiyo iliwapa wengi matumaini. Lakini tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikuonyesha tofauti yenye nguvu vilevile kila mara.

Na hata kundi hili lenye dalili halijahukumiwa. Tafiti nyingi zikiunganishwa, takriban mmoja kati ya wanne hupata saikosisi ndani ya miaka mitatu. Watatu hawapati.

Kwa nini kipimo hakitoshi kwa mtoto mmoja?

Tuchukue mfano wa hesabu. Hizi si takwimu za utafiti wowote. Ni mfano wetu wa kuelezea. Tuseme kuna kipimo kizuri ambacho hupatia mara 80 katika 100. Tunawapima vijana 100 wenye mzazi mgonjwa. Tulishasema takriban 10 kati yao wataugua. Kipimo kitawakamata 8 na kuwakosa 2. Waliobaki ni 90 ambao hawataugua. Kipimo kitakosea kwa 18 kati yao na kusema nao wataugua.

Jumlisha. Vijana 26 wameambiwa wako hatarini, na 18 kati yao wameambiwa uongo. Wawili walioambiwa wako salama wataugua.

Kwa mtafiti, kipimo hicho ni hatua. Kwa wale vijana 18, ni kuachishwa shule, kunyimwa mchumba, na kutazamwa kila wanapocheka. Katika jamii ambayo posa huvunjika kwa uvumi, karatasi ya hospitali ingevunja ngapi?

Ndiyo maana thamani ya kipimo hiki kwa sasa iko kwenye makundi. Kinasaidia kuelewa ugonjwa unaanzaje, na huenda baadaye kikasaidia kuchagua nani anahitaji msaada wa aina gani.

Afrika iko wapi?

Mtandao mkubwa wa utafiti wa aina hii, unaoungwa mkono na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ulijengwa ukiwa na vituo 43 katika mabara matano, na Afrika haikuwa na hata kimoja. Kujaza pengo hilo, Daktari Daniel Mamah wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, na wenzake wa Kenya wameanzisha utafiti unaoitwa KePROS. Umepangwa kuwafuatilia kwa miezi 24 vijana zaidi ya 100 wenye dalili za awali na wengine 50 wasio nazo, kwa mahojiano na kwa vipimo, kikiwemo cha mawimbi ya ubongo.

Hili linatuhusu. Dawa na vipimo vya kesho vikitengenezwa kwa kuangalia vijana wa Ulaya na Marekani peke yao, hakuna atakayejua kama vinafaa kwa kijana aliyepitia malaria mara tano, aliyekulia kwenye lugha nyingine na kwenye maisha mengine.

Hata nywele ni sehemu ya habari hii. Kofia za kawaida za EEG zilibuniwa kwa nywele laini. Kwenye nywele zetu, hasa zilizosukwa, elektrodi hazishiki vizuri, na baadhi ya watu weusi wamekuwa wakiachwa nje ya tafiti kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne, na wenzake walibuni vibanio vinavyokaa katikati ya mistari ya misuko. Kumbe tatizo lilikuwa kofia.

Utafiti wa namna hiyo ukija kwetu siku moja, kumbuka haki zako. Hapa Tanzania utafiti wa afya unapaswa kuwa na kibali, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo mamlaka kuu ya jambo hilo. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Uliza: majibu yatatunzwa wapi? Nani atayaona? Mwanangu akigundulika ana dalili, nani atamtibu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Familia ifanye nini leo?

Habari njema ni kwamba yanayosaidia zaidi hayahitaji kofia. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba saikosisi ikikaa muda mrefu bila matibabu, kupona huwa kugumu zaidi. Kuwahi ndiyo dawa ya kwanza.

Zingatia mabadiliko yanayodumu wiki kadhaa: kijana aliyekuwa mchangamfu anajitenga na kila mtu, halali usiku, ameacha kuoga, masomo yameporomoka ghafla, anashuku watu wa nyumbani, anajibu sauti usizozisikia. Alama moja peke yake huweza kuwa ujana, huzuni au mapenzi. Zikikusanyika, mpeleke zahanati au kituo cha afya, na uombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Akibadilika ghafla akiwa na homa, usisubiri hata siku moja. Apimwe malaria na maambukizi mengine. Akianguka na kutetemeka, sema hivyo kwa daktari, maana kifafa kina matibabu yake.

Kwa kijana mwenye mgonjwa kwenye ukoo, ushauri mmoja una uzito kuliko yote: akae mbali na bangi. Mtu mwingine huweza kuivuta akaonekana hana neno. Yeye anacheza karibu na moto.

Wengi wetu huanzia kwa mganga. Inasemwa kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na bado ugonjwa wa akili ukiingia nyumbani, uchawi ndio wa kwanza kutajwa. Hatumdharau mtu kwa imani yake. Tunachosema ni kwamba miezi inayopotea kwa kuzunguka, na kamba anazofungwa mgonjwa, hugharimu ubongo wa kijana. Kama unakwenda kwa mganga au kuombewa, usiache hospitali. Gharama zikiwa kikwazo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha.

Na familia yenyewe ni sehemu ya tiba. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya umefanyika mradi wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Humo mgonjwa huja na ndugu yake, wakakaa na familia nyingine, wakajifunza ugonjwa ni nini na kutatua pamoja matatizo ya dawa, kazi na ugomvi wa nyumbani. Kukaa chini na kuzungumza hivyo kunawezekana hata kijijini.

Turudi kwa wazee wetu wa posa. Hatutarajii waache kuulizia ukoo. Lakini ukoo usio na mgonjwa leo unaweza kumpata kesho, na mtoto wa mgonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mzima kuliko ya kuugua. Kama ni lazima kuuliza, tunapendekeza swali jingine: alipougua mtu wenu, mlimtunzaje? Jibu la swali hilo litamfaa mchumba kuliko karatasi yoyote ya mawimbi.